Mezani pa Karani: Unguja kwa Mwendo wa Kobe

Majuma mawili yaliyopita ulifungua ukurasa huu usinikute. Wengine wenu mlifika hata ofisini kuuliza kama karani anaumwa. La, siumwi. Nilikuwa Unguja pamoja na mke wangu, tukitembea na kustarehe kama watu wasio na kazi. Leo nataka nikusimulie safari hiyo, maana nimejifunza huko jambo ambalo lilinipasa kulijua miaka kumi na miwili iliyopita.

Mimi na Mama Neema tulipooana hatukwenda fungate. Siku ya tatu baada ya arusi nilikuwa nimekwisha kurudi darasani, kwa kuwa wakati ule nilikuwa mwalimu, naye alikuwa akiosha masufuria ya kuazima ili yarudi kwa wenyewe. Nikamwahidi kwamba mwaka ujao nitampeleka Unguja. Mwaka ujao akaja Neema. Mwaka uliofuata yakaja mabati ya nyumba, kisha mtoto wa pili, kisha karo, kisha wa tatu. Ile ahadi ikawa kama deni la dukani ambalo mwenye duka anaona haya kulidai. Hata miaka mitatu iliyopita mke wangu akanunua kibubu cha mbao sokoni, akakiweka juu ya kabati, wala hakusema ni cha nini. Kila Jumamosi akitoka kuuza mandazi alitia kitu. Mimi nami nikaona aibu, nikaanza kutia. Mwaka huu tukakivunja, tukahesabu, tukaona zinatosha siku nane za watu wawili wasiopenda makuu. Watoto tukawaacha kwa shangazi yao.

Sasa nikuambie kosa langu la kwanza. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu asiye na andalio la somo hana somo. Basi nikatwaa daftari, nikaandika mahali kumi na tisa pa kutazama, kila mahali na saa yake. Nilijiona mume hodari. Nikamwonyesha mke wangu lile daftari, akalitazama, akasema, “Umeandika vizuri,” akaendelea kukunja nguo.

Safari yenyewe haina taabu siku hizi. Kutoka hapa Morogoro tulipanda treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, nasi kabla ya kumaliza kuzungumza habari za watoto tukawa Dar es Salaam. Bandarini usisahau kitambulisho chako cha taifa. Tena ununue tiketi dirishani, usinunue kwa vijana wanaokukimbilia njiani. Boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Mimi nilizunguka huku na huku nikitazama mitambo na maboya ya kuokolea. Mama Neema alikaa dirishani akitazama maji, hakusema neno mpaka minara ya mji ilipoonekana. Nikadhani ni kichefuchefu cha bahari. Nikampa ndimu anuse.

Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba, mtu akipita na baiskeli nawe huna budi kujibanza ukutani. Milango ni ya mbao nene iliyochongwa nakshi, mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Siku ya kwanza nilimkimbiza mke wangu katika vichochoro hivyo kama mtu anayewahi mtihani. Tulitazama Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwisho wa karne ya 17. Tukapita mbele ya Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, la kwanza kisiwani kuwa na taa za umeme. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Tukaenda Minara Miwili, yaani Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na mapadre wa Roho Mtakatifu katika miaka ya 1890. Kila tulipomaliza mahali nilitia alama ya vema katika daftari. Kufika saa kumi alasiri tulikuwa na vema saba, na ukanda wa kiatu cha mke wangu ulikuwa umekatika.

Tukakaa juu ya ukuta wa pwani pale Forodhani. Nikafungua daftari ili nimwambie mahali pa nane. Akanitazama, akasema taratibu, “Baba Neema, hii ni matembezi au ni ukaguzi wa shule?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanyosha mkono, akachukua daftari na kalamu, akapitisha mstari mmoja mrefu juu ya mahali pote kumi na mawili palipobaki. Kisha chini yake akaandika maneno mawili: Mkunazini, Mbweni. Akasema, “Mimi nimekuja kwa ajili ya hapa pawili tu. Kwingine kote, unipeleke au usinipeleke, nitafurahi.”

Nikamwuliza, “Twende kesho asubuhi?”

Akasema, “Nikiwa tayari nitakuambia. Sasa ninunulie urojo.”

Msomaji mpenzi, ikiwa hujaonja urojo wa Unguja, ni mchuzi mwepesi wa manjano, wenye uchachu wa embe mbichi na ndimu, ambao ndani yake hutiwa mbatata, bajia, kachori, vipande vya nyama, na juu yake chachandu na vipande vya muhogo wa kukaanga. Jioni pale Forodhani wapishi huwasha taa zao, wanachoma mishkaki na pweza, na wengine wanakamua miwa kwa ndimu na tangawizi. Tulikula mabakuli mawili mawili. Jua lilishuka baharini, vijana wakawa wanaruka majini kutoka ukutani kwa vichwa, wakishindana. Tulikaa pale mpaka saa tatu usiku, wala hatukusema maneno mengi. Nilikuwa sijui, msomaji, kwamba nimekuwa nikiishi na mtu ambaye sijakaa naye saa nne mfululizo bila mmoja wetu kusimama kwenda kutazama jambo fulani.

Basi siku mbili zilizofuata tulitembea kwa mwendo wake. Asubuhi ya kwanza tulivuka kwa mashua mpaka Changuu, kisiwa kidogo ambacho wengi hukiita kisiwa cha gereza. Gereza lilijengwa kweli mwaka 1893, kwa amri ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa Sultani, lakini halikupata kutiwa wafungwa. Badala yake kisiwa kikawa mahali pa kuwatenga wasafiri wenye magonjwa ya kuambukiza. Siku hizi wenyeji wakuu ni kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, ambao wazazi wao wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kuwa zawadi. Baadhi yao wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, na wapo waliozidi miaka mia. Mke wangu alimpa mmoja jani la mboga. Yule kobe alinyosha shingo, akafikiri, akafumbua kinywa, akakosa lile jani, akafikiri tena. Nilitaka tuondoke. Mama Neema akasema, “Mwache. Yeye hana boti ya kuwahi.” Nikavua viatu, nikakaa chini. Hata leo nikimwona mtu ana haraka ofisini kwangu, namkumbuka yule kobe.

Siku ya pili tulizunguka soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904. Yapo marundo ya karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga, na shokishoki nyekundu zenye manyoya. Hapo nilipata somo la lugha. Niliomba nyanya, mwenye duka akanipa tungule. Niliomba mkate, akaniuliza kama nataka boflo au mkate wa kumimina. Nasi wa bara tunajisifu kwa Kiswahili chetu! Tukumbuke kwamba wakati viongozi wa elimu walipokutana Mombasa mwaka 1928 ili kuchagua lahaja ya kuandikia vitabu vya shule, waliichagua Kiunguja, na kutoka hapo ikaundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Kwa hiyo mwalimu akienda Unguja ni kama mtu anayekwenda kisimani baada ya kunywa maji ya mtungi maisha yake yote.

Asubuhi ya siku ya nne mke wangu alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga kitambaa kichwani. Akasema, “Leo.”

Mkunazini si mbali na Darajani. Hapo palikuwa soko la watumwa, la mwisho kufanya kazi waziwazi hapa Unguja. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza na manowari zao, alitia sahihi mkataba, soko likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, mtu yule yule aliyetunga kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Altare imewekwa mahali ambapo, kama isemwavyo, ulisimama mti wa kuwafungia watu na kuwapiga fimbo ili mnunuzi aone nani ni mvumilivu. Palipokuwa na mti huo sakafuni kuna duara la marimari. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare hiyo. Kuna nguzo nyembamba karibu na mahali pa ubatizo ambazo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu. Yasemwa mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha.

Nje, katika shimo, yako masanamu matano ya watu yaliyotengenezwa na Clara Sörnäs wa Sweden. Wamesimama shimoni wakiwa na minyororo ya kweli shingoni. Watalii walikuwa wakipiga picha. Mke wangu alisimama ukingoni kwa muda mrefu, mikono ameikunja. Kisha akasema, wala si kwa sauti ya kulia, “Baba Neema, unakumbuka siku ya posa?”

Nilikumbuka. Nami nitakuambia, msomaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ameniruhusu niyaandike haya, tena akaniambia nisiyapunguze.

Mke wangu ni mtu wa Masasi. Siku ya posa baba yangu mdogo, ambaye sasa ni marehemu, aliuliza mbele ya watu wote, “Ninyi kabila lenu hasa ni lipi?” Babu yake akajibu, “Sisi ni watu wa Mbweni.” Baba mdogo akacheka, akasema, “Mbweni si kabila. Yaani ninyi hamna kwenu.” Watu wengine wakacheka pia, kama watu wanavyocheka katika posa. Mzee yule akainamisha kichwa, akaendelea na mambo ya mahari. Mimi nilikuwapo, nimekaa mkekani, nimevaa suti ya kuazima. Nilisikia, nikanyamaza. Niliogopa posa isiharibike. Jioni sikusema kitu, wala kesho yake, wala miaka kumi na miwili. Nilidhani limepita.

Sasa pale ukingoni mwa shimo akanieleza habari ambazo babu yake alimpa kabla ya kufa. Wazee wao walikamatwa bara, wengine wakiwa watoto wadogo, wakapakiwa katika majahazi. Jahazi lao likashikwa baharini na manowari ya Waingereza, nao wakakabidhiwa kwa misheni ya UMCA hapa Unguja. Misheni ilikuwa na shamba huko Mbweni, kusini ya mji, na humo watu walioachwa huru wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na baadhi yao, wanaume na wanawake, wakapita Lindi kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa, ili wapate kurudi karibu na nchi walikotekwa. Walipofika Masasi wakaona nchi nzuri, yenye maji na milima ya mawe, nao wakaomba kukaa. Hivyo ndivyo misheni ya Masasi ilivyoanza. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wamagwangwara waliwashambulia, wakachoma nyumba na kuwachukua watu. Yaani wengine walikamatwa mara ya pili katika maisha yao. Waliobaki wakajenga tena.

“Basi,” mke wangu akasema, “mtu akiniuliza kwetu ni wapi, sina jibu la neno moja. Ninyi mna jibu la neno moja. Nimekuja kupaona mahali walipotuuzia, na mahali walipotuachia, ili nipate kujibu.”

Sikuwa na la kusema. Nilimshika mkono, nacho ni kitu ambacho sisi watu wazima wa huku kwetu hatukizoei mbele ya watu.

Mchana tukapanda daladala mpaka Mbweni. Siku hizi ni mtaa wa nyumba nzuri zenye bustani. Kanisa la Mtakatifu Yohana liko bado, lenye kivuli cha miti na makaburi pembeni. Chini kuelekea pwani, ndani ya uwanja wa hoteli, yako magofu ya Shule ya Mtakatifu Maria, shule ya wasichana walioachwa huru, ambayo kwa miaka mingi iliongozwa na mwalimu Caroline Thackeray. Matao yamesimama, mizizi ya miti imeingia madirishani, na kunguru wanapigana juu ya ukuta. Mke wangu alipita chumba kwa chumba akigusa kuta kwa kiganja.

Sasa mimi ni karani. Kazi yangu ni madaftari: ubatizo, ndoa, mazishi. Mtu akija na taabu yoyote, mimi kwanza nafikiri, jambo hili limeandikwa daftari gani? Nikamwambia mke wangu, kwa moyo safi kabisa, “Tuulize kama yapo madaftari ya zamani. Huenda tukaona jina la mzee wenu.”

Akatikisa kichwa. “Utaona jina alilopewa hapa. Labda Yohana, labda Agnes. Jina alilopewa na mama yake halimo katika daftari lolote. Usinitafutie, Baba Neema. Kaa nami tu.”

Tukakaa kwenye ngazi ya mawe. Akapita bibi mmoja mwenye buibui, amebeba kikapu cha ndizi. Tukamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, “Marahaba, wanangu, hamjambo? Mwatokea wapi?” Nilitaka kujibu Morogoro, kama nilivyojibu kila mahali. Mke wangu akatangulia. Akasema, “Mimi ni mtu wa hapa, bibi. Wazee wangu walitoka hapa kwenda Masasi.” Yule bibi akatua kikapu chake, akamtazama usoni kana kwamba anatafuta mfano wa mtu anayemjua, akasema, “Basi karibu kwenu, mwanangu. Mmekawia.” Akachomoa ndizi nne, akatupa, akaenda zake.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo mke wangu alipolia. Nami nilimwomba radhi kwa ajili ya siku ya posa. Nilimwambia, nilisikia maneno yale nami nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kosa kuliko maneno ya mzee, kwa sababu mzee hakuwa akimwoa. Akanijibu, “Nilikuwa nangoja uyaseme. Nilikuwa sijui kama unakumbuka.” Kumbe kwa miaka yote ile tulikuwa wawili tunaolikumbuka jambo moja, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau.

Siku nne zilizobaki zilikuwa nyepesi. Tulikwenda Jambiani, upande wa mashariki. Njiani tulishuka katika msitu wa Jozani, ambao pamoja na ghuba ya Chwaka ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo wamo kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani kama mzee aliyeamshwa usingizini. Asili yao ni Unguja tu. Jamii zinazoishi kando ya mashamba hula majani ya miembe na mikungu, kisha hutafuta mkaa wakautafuna, maana mkaa huzuia sumu ya majani hayo isiwadhuru. Nikamwambia Mama Neema kwamba hata kima ana dawa yake ya tumbo. Akasema ni kweli, wala hana daftari.

Huko Jambiani bahari ina desturi ya kuondoka. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, huenda mbali hata huyaoni ila kama mstari mweupe kwenye miamba, na wanawake huingia na vikapu katika mchanga uliobaki. Wanalima mwani. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani. Hupigilia mambo mchangani, wakavuta kamba kati yake, wakafunga vipande vya mwani kwa nyuzi. Baada ya majuma sita hivi huvuna, wakauanika, ukauzwa nchi za nje kutengenezwa utomvu wa kugandishia vyakula na dawa za meno. Mama mmoja alimwonyesha mke wangu namna ya kufunga, wakafanya kazi pamoja hata maji yakawafikia magotini. Alituambia kwamba ule mwani wenye bei nzuri siku hizi unakufa kwa kuwa maji yamezidi joto, na ule unaostahimili bei yake ni ndogo. Alisema, hata hivyo, fedha ya mwani ndiyo iliyosomesha watoto wake, tena ni fedha ambayo hakumwomba mume. Mama Neema, mwenye mandazi yake, alimwelewa upesi kuliko mimi.

Usidhani kila kitu kilikwenda sawa. Nyumba moja ya wageni tuliyokuwa tumeilipia kwa simu ilimpa mtu mwingine chumba chetu, nasi tukalala usiku wa kwanza katika chumba kisicho na maji wala chandarua. Siku za mwanzo ningelipiga kelele na kutoa stakabadhi. Lakini tulikaa nje kibarazani tukihesabu mashua zenye taa mpaka usingizi ukatushika, na asubuhi wakaturudishia sehemu ya fedha yetu.

Sasa ikiwa wewe na mwenzako mnafikiri kwenda, haya ndiyo mashauri yangu. Kwanza, uliza bei kabla ya kupanda chombo au kukalia kiti, na mahali pa serikali uliza bei ya wenyeji, maana ni ndogo kuliko ya wageni wa nje. Pili, vaa kwa heshima mjini na vijijini. Nguo za pwani ziwe za pwani. Mwezi wa Ramadhani usile njiani mchana mbele ya watu waliofunga. Tatu, amkia watu kabla ya kuuliza njia. Watu wa Unguja hawakosi muda wa salamu, nawe utapata njia pamoja na habari za ukoo mzima. Nne, upande wa mashariki uliza saa za maji kujaa, usije ukabeba taulo ukakuta bahari haipo. Tano, andika mahali pachache, tena mwache mwenzako aandike kwanza.

Na ikiwa kibubu chenu hakijajaa, au hakipo kabisa, msinung'unike. Nilichokipata Unguja ningeweza kukipata hapa nyumbani chini ya mwembe, kama ningalikaa chini. Sikukaa. Ilinibidi nivuke maji.

Tuliporudi, Neema alileta kazi ya shule, karatasi yenye mti wa ukoo wa kujaza majina. Upande wangu ulijaa upesi, kwa kuwa sisi tuna majina hadi babu wa babu. Upande wa mama yake ulikuwa na majina matatu, kisha nafasi tupu. Neema akauliza aandike nini hapo. Zamani ningesema aache wazi. Mke wangu akaichukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa nzuri, akampa mtoto asome kwa sauti, naye akasoma: “Watu wa Mbweni, waliokwenda Masasi mwaka 1876.”

Mwalimu wake amempa vema. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za karo za muhula mpya. Kwaheri ya kuonana.